Keki za Tavion

Cleophus Pettway aliendesha gari la taka la manispaa ya Memphis kwa zaidi ya miaka ishirini, na sisi majirani zake wa Orange Mound hatukuwahi kumsikia akilalamikia harufu. Alicholalamikia ni urefu. Mungu alimnyima inchi nne, ndivyo alivyokuwa akisema, na kwa inchi hizo nne angekuwa mtu mwingine kabisa, mwenye nyumba ya matofali huko mashariki ya mji. Alipokuwa shule alikaa benchi la timu ya mpira wa kikapu misimu mitatu akiwapa wenzake taulo za kufutia jasho. Basi mwanawe Tavion alipofika umri wa miaka kumi na moja na tayari anaona utosi wa mama yake, Cleo akajua kwamba Mungu ameanza kurekebisha makosa.

Tavion alizaliwa tarehe ishirini na nne Julai. Daktari alikuwa amesema katikati ya Agosti, lakini mtoto hakungoja. Cleo alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba mwanawe ana haraka ya kuanza kazi. Tarehe hiyo iwekeni akilini, maana Cleo mwenyewe ndiye aliyekuja kusahau hesabu yake.

Kila mwaka tarehe hiyo ilikuwa sikukuu ya mtaa. Cleo aliamka mapema, akawasha moto nyuma ya nyumba, akachoma mbavu za nguruwe tangu asubuhi. Mkewe Verlene, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, alipika maharage na mkate wa mahindi. Keki ilitoka kwa Bi Earline, mwenye duka la mikate pale Park Avenue, naye aliandika juu yake kwa krimu ya bluu jina la mtoto na umri wake. Jioni Tavion alitokea mlango wa jikoni akiinama asigonge kichwa, nasi wote tukapiga makofi. Mlango ule ulikuwa mfupi tangu zamani. Watu walimwambia Cleo aubomoe, akakataa. Alipenda kumwona mwanawe akiinama.

Kocha Dupree aliingia katika maisha yao mwaka huohuo, Tavion akiwa na miaka kumi na moja. Marquell Dupree alikuwa na timu ya kiangazi, ile inayozunguka nchi nzima shule zikifungwa, ikicheza mbele ya watu wa vyuo vikuu walioketi na kalamu wakisaka wachezaji. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Yeye alimwita kila mtu familia. Alimtazama Tavion akirusha mpira uwanja wa kanisa, kisha akaja kukaa karibu na Cleo.

"Ndugu Pettway, kijana wako ana tatizo moja tu."

"Lipi hilo?"

"Yuko darasa moja mbele ya mwili wake. Mrudishe la sita. Mwakani atakuwa mkubwa kuliko kila mtoto anayecheza naye. Watu wa vyuo hawaulizi mtoto kazaliwa lini, familia. Wanauliza anamaliza shule mwaka gani."

Msidhani hilo lilikuwa jambo la ajabu. Huku kwetu wamefanya hivyo wengi, weusi kwa weupe, wenye nacho na wasio nacho. Wapo hadi mabwana wa vitongoji vya kitajiri wanaowarudisha darasa vijana wafupi, wakiamini kwamba mwaka mmoja utawarefusha. Mtoto anafaulu mtihani, mzazi anamrudisha palepale alipotoka, na watu wanampongeza mzazi.

Verlene hakupongeza.

"Mtoto kafaulu masomo yote," alisema. "Unamrudishaje aliyefaulu?"

"Tunamzawadia mwaka, dada yangu," Dupree akasema.

"Ni wako huo mwaka, hata umzawadie?"

Cleo akacheka, akamwambia mkewe kwamba mambo ya kikapu hayajui. Tavion akahamishiwa Hermoni, shule ya binafsi ya Kikristo yenye uwanja wa ndani unaong'aa, akaandikishwa kuanza la sita upya Agosti. Karo alilipa Bwana Tuttle, muuza pikapu mwenye kiti chake cha mbele kila mchezo. Alisema anamlipia kwa sababu ya upendo wa Kristo. Upendo huo, kwa namna ya pekee, uliwaangukia tu watoto wenye futi sita na zaidi.

Julai ilipofika Cleo akaenda dukani kwa Bi Earline.

"Andika kumi na moja."

"Mwaka jana niliandika kumi na moja."

"Andika tena. Tumerudia darasa, tumerudia na umri."

Bi Earline alicheka hadi akashika meza. Ulikuwa mzaha, na mzaha mzuri. Tuliokuwa pale nyuma ya nyumba tulicheka pia, Dupree akacheka kuliko wote, akala vipande viwili. Tavion alipuliza mishumaa kumi na mmoja, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili. Verlene alikusanya sahani.

Alipofika la nane, akiwa na futi sita na inchi tano, Dupree alirudi na ushauri uleule. Safari hii Verlene hakubishana. Alitoka nje akaketi kwenye gari mpaka mgeni alipoondoka. Tavion akarudia la nane. Keki ikasema kumi na tatu mara mbili, na toka hapo ikawa nyuma ya ukweli kwa miaka miwili kamili, ikipanda namba moja kila Julai kama keki ya mtoto mwingine yeyote.

Na hapo ndipo mzaha ulipogeuka mazoea. Kazini wenzake wakimuuliza kijana ana miaka mingapi, Cleo alitaja namba ya keki. Kanisani, namba ya keki. Hakuwa mwongo, mimi namjua. Aliitaja kwa uso mkunjufu kwa sababu alikwisha kuiamini. Wote tuliiamini. Hata binti yao Kendria, aliyezaliwa miaka miwili baada ya kaka yake na ambaye hakuna aliyewahi kumwambia asubiri chochote, alimfikia kaka yake darasani, na sisi tukaona ni kawaida. Tulisema, angalia, watoto wa Pettway kama mapacha.

Wakati huo neema zilikuwa zinaingia. Timu ya Dupree ilipata mkataba na kampuni ya viatu. Kampuni ilileta maboksi ya viatu na mabegi, na pesa ya mwaka iliyotegemea majina ya vijana waliomo, na jina la kwanza lilikuwa Tavion. Cleo hakuiona hiyo pesa. Alichoona ni pikapu nyekundu ya kuazima kutoka kwa Tuttle, ya kumpelekea kijana mazoezini, na mara moja mtu fulani alilipa bili ya umeme kabla yeye hajaifungua bahasha. Ungemwambia amemuuza mtoto angekupiga. Lakini pikapu aliiosha kila Jumamosi.

Na kila Jumapili baada ya ibada simu ililia. Alikuwa kocha msaidizi wa chuo kikuu kikubwa, sauti ya asali, akimuuliza Verlene habari za mgongo na Kendria habari za hesabu. "Msimu wa baridi tunakuja kumtazama akiwa la kumi na mbili," alisema. "Tukitoka hapo, mzee Pettway, nafasi ni yake na gharama zote ni zetu." Cleo alikuwa anaweka simu mezani saa nzima kabla, imechajiwa hadi juu.

Kiangazi cha mwisho kilikuwa kizuri kuliko vyote. Tavion, futi sita na inchi tisa, alicheza mpaka watu wasiojuana wakakumbatiana. Tarehe ishirini na nne keki ikasema kumi na saba. Dupree alikuja na mgeni, baba mmoja mpole mwenye mtoto mrefu wa darasa la sita. Cleo, kipande cha mbavu mkononi, alimshika bega.

"Mrudishe la sita," alimwambia. "Usiogope maneno ya mama yake. Utakuja kunishukuru."

Mwezi wa tisa mkuu wa Hermoni akamwita ofisini. Alikuwa ameketi mikono juu ya meza, hana tabasamu.

"Bwana Pettway, chama cha michezo cha jimbo kimemkataa Tavion."

"Kwa kosa gani?"

"Umri. Anayetimiza miaka kumi na tisa kabla ya tarehe mosi Agosti hachezi michezo ya shule mwaka huo."

Cleo akacheka kwa kuona nafuu. "Basi hapo wamekosea mtu. Mwanangu ana kumi na saba."

Mkuu akafungua faili. "Amezaliwa mwaka gani, bwana?"

Cleo akautaja mwaka. Mwaka aliujua, nani asiyejua mwaka aliozaliwa mwanawe? Kisha akaanza kuhesabu, kwanza kimya, halafu kwa vidole, mtu mzima mwenye mvi akihesabu vidole mbele ya mkuu wa shule. Alipofika kumi na tisa akaanza tena toka mwanzo. Ilikuwa wiki moja tu. Laiti mtoto angeingoja siku ya daktari, angecheza.

Akamkuta Dupree kwenye ukumbi wa mazoezi, amezungukwa na maboksi mapya ya viatu.

"Ulijua?" Cleo aliuliza.

"Kujua nini, familia?"

"Usiniite familia. Ulijua kwamba ukimrudisha mara mbili anapitiliza?"

Dupree aliweka boksi chini taratibu. "Huku kwangu kiangazi tunahesabu darasa. Jimbo linahesabu kuzaliwa. Nilijua, ndiyo. Na wewe ulijua, Cleo. Tofauti ni kwamba mimi sikusahau."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, kiangazi hiki angechezea timu ya nani?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtoa Cleo machozi. "Wewe usinitupie mimi. Keki uliagiza wewe. Mimi nilikula tu."

Mkataba wa viatu ulikuwa umekwisha kuongezwa tangu Agosti. Wiki hiyohiyo kijana wa Tuttle alikuja kuichukua pikapu, akasaini, akaondoka nayo ikiwa safi.

Palibaki tundu moja. Mkuu wa shule alisema chama husikiliza rufaa, na wakati mwingine hulegeza kamba kwa mtoto aliyerudia darasa kwa ugonjwa au kwa kushindwa masomo. Kwa kushindwa kweli. Cleo alilishika tundu hilo kwa mikono miwili. Asubuhi ya rufaa alimchukua Tavion kwa gari la zamani la Verlene, magoti ya kijana yamegusa dashibodi, na njia nzima kuelekea Nashville, kwenye makao ya chama, alikuwa akimfundisha.

"Wakikuuliza, sema kusoma kulikuwa kunakushinda. Herufi zinacheza. Hata mwalimu alikata tamaa."

Tavion alitazama nje.

"Unanisikia, mwanangu? Maneno machache tu. Chuo kinasubiri maneno hayo machache."

"Nimesikia."

Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani shingoni, mwalimu wa zamani ukimtazama tu. Alimsikiliza Cleo akieleza habari za herufi, na Cleo alieleza vizuri kupita kiasi, jasho likimtoka. Kisha yule mama akamgeukia kijana.

"Tavion, ulirudia darasa la sita kwa sababu gani?"

Tavion alikuwa ameketi na mikono katikati ya magoti. Alimtazama baba yake mara moja. Cleo anasema mpaka leo analiona lile jicho.

"Sikushindwa, mama. Nilifaulu."

"Na la nane?"

"Nilifaulu pia. Nilikuwa wa tano darasani."

"Sasa kwa nini ulirudia?"

"Waliniambia niusubiri mwili wangu."

Yule mama akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa machoni. Akasema wamesikia. Kila mtu pale ndani alijua limekwisha.

Nje, kwenye maegesho, Cleo alipiga bati la gari kwa kiganja.

"Maneno machache! Niliomba maneno machache tu!"

"Yapi, baba? Kwamba mimi mjinga?" Tavion hakupandisha sauti. "La sita nilikaa mwaka mzima nikijibu maswali niliyokwisha kuyajibu. Marafiki zangu wakaondoka. La nane hivyohivyo. Watoto wananiita babu, na mimi nanyamaza, nanyamaza kwa ajili yako. Kila nilichoombwa nimetoa. Kwamba nilifaulu, hilo tu ndilo nililobaki nalo, na wewe unalitaka nalo pia?"

Walirudi Memphis. Cleo hakumsemesha mwanawe mpaka karibu na sikukuu ya bata mzinga, ile ya shukrani ya Novemba, na hata hapo ni kwa sababu chumvi ilikuwa upande wa kijana mezani. Nawaambia hili bila kumtetea. Alikuwa amekosea yeye, akamnunia mtoto.

Tuttle aliacha kulipa karo, maana upendo wa Kristo ulikuwa umepata mtoto mwingine. Tavion akarudi shule ya mtaani, darasa moja na mdogo wake. Kendria alimwekea kiti karibu naye, na yeyote aliyemwita kaka yake babu alijuta. Kocha wa hapo, mtu mwenye huruma ambaye hakujua anafanya nini, alimruhusu kijana akae na timu. Kucheza hawezi, lakini akae. Cleo alikwenda kutazama mchezo mmoja tu. Alimwona mwanawe, mrefu kuliko kila mtu ukumbini, akisimama mwisho wa benchi akiwapa wenzake taulo. Cleo akatoka kabla ya mapumziko, akakaa kwenye gari baridi, mikono juu ya usukani.

Jumapili simu haikulia. Aliendelea kuiweka mezani, imechajiwa. Wiki ya nne akapiga mwenyewe. Sauti ya asali ilikuwa na haraka safari hii, ikasema kijana wa miaka ishirini anayeanza mwaka wa kwanza ni mzee kwao, na kwamba wanamtakia kila la heri. Chuo kidogo cha Arkansas kiliandika kikitaka Tavion akajaribu bahati yake huko. Tavion aliisoma ile barua, akaikunja, akaitumia kuzuia meza ya jikoni isiyumbe.

"Sichezi tena," alimwambia mama yake.

"Hata kidogo?"

"Hata pale kanisani."

Verlene hakumlazimisha. Alisema baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kijana kukata shauri lake mwenyewe tangu darasa la sita, naye angeanzaje kumpinga?

Mwezi wa tano watoto wote wawili walivaa joho siku moja. Kendria alikuwa amepata nafasi chuo kikuu cha Knoxville kwa akili zake, gharama nyingi zimelipwa, na jambo hilo lilitushangaza sisi tuliokuwa tumeshughulika kutazama juu. Tavion alipata kazi kwenye ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Walipomwona tu walimpeleka rafu za juu. Wakampa mkanda wa mgongo, hakuhitaji ngazi.

Julai ishirini na nne Cleo akaenda Park Avenue. Hakuwa ameagiza mapema kama kawaida. Dukani palikuwa na foleni, na Bi Earline alipomwona alikwisha kushika mfuko wa krimu ya bluu.

"Nilijua utakuja. Kumi na nane, siyo?"

"Ishirini," Cleo akasema, kwa sauti ndogo.

"Eh?"

"Ishirini, Bi Earline."

"Acha wewe! Mwaka jana nimekuandikia kumi na saba kwa mkono huu huu." Akageukia foleni akicheka. "Jamani, huyu bwana zamani alikuwa anarudia miaka, sasa ameanza kuiruka!"

Watu wakacheka. Cleo alisubiri wamalize. Akasema mwanangu ana miaka ishirini, tafadhali andika ishirini, na namna alivyosema ilimfanya Bi Earline akate kicheko, akainama juu ya keki na asiinue uso mpaka alipomaliza.

Nyuma ya nyumba hapakuwashwa moto. Dupree hakuja, na kusema kweli hata sisi majirani hatukuja, tuliona aibu. Mimi nilikuwa uani kwangu, nyuma ya uzio, na dirisha lao la jikoni lilikuwa wazi. Walikuwa wanne: baba, mama, binti aliyekuwa amekwisha kufunga mizigo, na Tavion katika shati la kazi lenye jina la mtu mwingine kifuani. Verlene aliwasha mishumaa. Ilikuwa mingi, ilichukua muda.

Tavion aliiangalia ile namba ya bluu.

"Kumi na nane iko wapi?" akauliza.

Verlene akazima kiberiti.

"Na kumi na tisa. Mwaka jana nilipuliza kumi na saba, baba. Hizo mbili sikuzila. Ziko wapi?"

Cleo alikuwa ameshika kisu. Maisha yake yote alikuwa na jibu la kila kitu kinachohusu kijana yule, uzito wake, viatu vyake, mkono wake wa kushoto, na sasa akakiweka kisu kando ya keki. Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni.

"Nisamehe," akasema. "Mwanangu, nisamehe."

Tavion akapuliza mishumaa. Ilimtaka apulize mara mbili.

"Kata tu, baba," akasema. "Naingia kazini saa kumi."

Cleo akakata. Kipande kikatoka kikubwa na kimepinda, na Tavion akakila chote akiwa amesimama, akafuta mikono, akambusu mama yake utosini, akachukua mkanda wake wa mgongo kwenye kiti. Penye mlango wa jikoni akainama asigonge kichwa. Hakuna aliyepiga makofi.